Gundi ya Kirukia

Kila Jumapili alasiri, kwenye benchi nje ya duka la simu huko Muhaisnah, ughaibuni, kahawa ya Kenneth hunywewa na watu wanaojua kila kitu. Kenneth huosha vioo vya maghorofa, kwa hiyo ni Injinia. Dancan ni mlinzi wa kliniki moja ya Oud Metha. Anaitwa Daktari na hajawahi kukanusha. Jotham, mtunza bustani, hana jina la utani. Walikuwa wanamtafutia moja alipofiwa na mkewe, wakaliacha.

Jumapili hiyo kikombe cha plastiki kilimganda Jotham kidoleni. Akawaeleza kuwa ni gundi ya kirukia, ule mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine na kuinyonya. Jumatano Madam, mjane wa Kiingereza mwenye bustani anayoitunza, alimpa kiberiti chenye vitunda vyeupe kumi na viwili, vilivyochumwa kwao kwenye mtofaa wa marehemu mumewe. Jotham alivikamua, akabandika mbegu kwenye tawi la mkunazi wa bustanini. Miaka tisa alilipwa Makueni kukata kirukia kwenye michungwa. Sasa amepandishwa ndege kuja kukipanda.

— Ni kama Daktari hapa alipwe kuambukiza watu, alisema Injinia.

Jotham hakucheka. Kila Jumamosi huiogesha miti ya Madam kwa mpira wa maji, kuitoa vumbi, na jana mkono ulikwenda wenyewe. Alipozinduka, tawi lenye mbegu lilikuwa linachuruzika maji. Alifunga bomba, akapanda basi la kampuni. Kesho asubuhi Madam atatoka na lenzi yake kuzihesabu mbegu.

Daktari alishauri asingizie ndege, na apake kinyesi cha njiwa pale kama ushahidi. Injinia aliona huo ni utoto. Yeye angebandika punje za tapioka kwa silikoni ya madirisha, ambayo ina dhamana ya miaka kumi. Daktari akauliza zitaotaje. Injinia akajibu kwamba hata zile za kweli Agosti ingezikaanga.

— Au mwambie mkunazi ni mwenyeji, akaendelea. Huyo mgeni amekuja hana kafeel wa kumdhamini. Mti umemfukuza, khalas.

— Mtofaa umeuzwa pamoja na nyumba, Jotham alisema. Hakuna vitunda vingine.

Wakanywa kahawa.

Pembeni mwa benchi alikaa Nuwa, Mganda aliyefika Jumanne, ambaye bado hakuwa na jina la utani wala maoni.

— Samahani, mzee. Zimebanduka ngapi?

Injinia akamtazama Daktari. Daktari akaitazama chupa ya kahawa.

— Yaani, ulienda ukaangalia? aliuliza Nuwa.

Mwaka jana, Jotham alipopigiwa simu kuhusu mkewe Teresiah, aliikata kabla shemeji hajamaliza sentensi. Tangu hapo haangalii kitu mara ya pili.

Chupa ikatoa tone la mwisho. Jotham akajaribu kuweka kikombe chini, kikakataa kuachia. Sabuni ilikishindwa kidole hicho, mafuta ya taa yakakishindwa, mchanga pia, na jana maji yaleyale ya bomba yalikipitia kwa nusu saa nzima, na gundi bado ipo. Akakitazama. Kisha akainuka.

— Kikombe changu hicho, alisema Injinia.

— Nitakirudisha, alisema Jotham, ameshashika njia ya kituo cha basi la kwenda kwa Madam.