Gari Jeusi na Pedi Zilizofuliwa Mara Tano

Kijiweni kwetu kuna benchi moja refu, limeegemea ukuta wa karakana ya kuosha magari. Ukikaa pale saa nane mchana, maji yanachuruzika mtaroni na mapovu yanaelea juu ya vichwa vya watu, unaweza kusahau ulikuwa unakwenda wapi. Mimi ni fundi viatu, wananiita Gundi, na nilisahau nilikokuwa nakwenda miaka kumi na mmoja iliyopita. Kulia kwangu hukaa Betri, mchaji simu. Kushoto hukaa Profesa, anayeuza vitabu vilivyokwisha kusomwa na ambaye, kwa bahati mbaya yetu, amevisoma. Mwisho wa benchi yuko Dada Birika na jiko lake la kahawa. Na mbele yetu, chini ya turubai, siku hiyo lilisimama gari jeusi, na kando yake mzee wetu Kioo, mpolishaji, amechuchumaa juu ya beseni anafua pedi.

Pedi ni yale masponji ya duara yanayobandikwa kwenye mashine ili kusugua polishi. Kioo alikuwa anazifua mara ya tano ndani ya siku tatu. Kila akimaliza kulipolishi lile gari, anainama, anatazama, anaona mizunguko: duara nyembamba nyembamba juu ya rangi, alama ya pedi iliyoficha mchanga. Mama mwenye gari ameambiwa kwa simu njoo kesho mara tatu, na leo alikuwa anakuja. Asubuhi Kioo alitwambia, bila utani hata kidogo, kwamba mizunguko ikirudi tena leo anaitundika mashine. Miaka ishirini na sita ya kazi. Niliumia kusikia vile, nikajifanya natafuta sindano.

Kioo: Si mnaiona lakini? Ile pale, kwenye boneti.

Betri: Tunaiona, mzee. Ile pale.

Profesa: Tena mingi.

Mimi nami nikasema naiona. Kijiweni kwetu mtu akikuonyesha kitu, unakiona.

Betri: Tatizo ni maji. Maji ya bomba yana chokaa. Yakikauka ndani ya sponji yanaacha vijiwe.

Kioo: Nimesuuza kwa maji ya mvua.

Betri: Basi na mvua siku hizi ina chokaa.

Profesa: Mimi nakuangalia hapo unavyobembeleza. Kamua, bwana! Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Kioo: Ukiikamua inachanika kwa ndani. Hii unaibonyeza na kiganja, taratibu, kama unamlaza mtoto. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, brashi ya meno pale polishi ilipogandia. Unasuuza mpaka maji yatoke meupe.

Profesa: Na yametoka meupe?

Kioo: Yametoka meupe tangu juzi.

Mimi: Na mgongo wake je, ule wa kunatia? Maji yakikaa kwenye gundi, gundi inalegea. Pedi inakaa upande. Ikikaa upande, inachora.

Kioo: Ndiyo maana naanika uso chini, mgongo juu, kivulini. Leo wewe ndiye wa kunifundisha gundi?

Mimi: Kwani mimi naitwa nani?

Tukacheka, naye akacheka kidogo. Akaibandika pedi mbichi kwenye mashine, akaiingiza ndani ya ndoo na kuiwasha ili itapike maji. Matone yakaruka juu ya ndoo, jua likapita katikati yake, na kwa muda mfupi pale mbele ya karakana tukawa na upinde wa mvua wa kwetu wenyewe, mdogo, wa kutosha watu watano. Kisha akaizima mashine, akailaza pedi juu ya wavu wa dirisha la zamani, kando ya zile nyingine: ya njano, ya machungwa, nyeusi.

Betri: Labda ile ngumu imelala mfuko mmoja na ile laini. Mchanga ukahama. Mchuma janga hula na wa kwao.

Kioo: Kila moja ina mfuko wake na nimeuandika juu.

Dada Birika: Umeuandika nini?

Kioo: Ngumu. Laini. Laini sana.

Profesa: Haya, nyamazeni niwaambie. Sponji ina vishimo elfu. Kila kishimo ni sikio. Miaka yote hiyo mashine inazunguka, inazunguka, nayo inasikiliza. Sabuni inatoa uchafu, mzee, haitoi kumbukumbu. Sasa imejaa. Ukiiweka juu ya gari inasema iliyoyasikia, na lugha pekee inayoijua ni duara.

Betri: Hiyo umeisoma wapi?

Profesa: Hiyo haijaandikwa bado.

Betri: Mimi nitakwambia kitu kikubwa zaidi. Dunia inazunguka, si ndiyo? Na mashine inazunguka. Sasa kama dunia inakwenda huku na mashine inakwenda kule, katikati kuna nini? Kuna gari la watu! Linasagwa.

Profesa: Kwa hiyo afanye nini, aisimamishe dunia?

Betri: Aligeuze gari.

Siku nyingine Kioo angemrushia mtu huyo sponji la mapovu. Siku hiyo alisimama, akajifuta mikono, akaligeukia gari.

Kioo: Njooni tulisukume.

Tukalisukuma. Watu wazima wanne, na Dada Birika akishika usukani, tukaligeuza gari la watu ili lielekee upande ambao dunia haitalikasirikia. Lilikuwa zito na lilikwenda bila sauti. Nilipokuwa nalisukuma kwenye boneti niliinama, nikaona ndani yake mawingu yanapita polepole, na nyuma ya mawingu uso wangu, udevu mmoja mmoja. Nikakaa nikiyatazama yale mawingu mpaka Betri akaniambia nisogee.

Kioo akachukua ile pedi laini sana iliyokwisha kukauka tangu asubuhi. Akaipapasa kwa vidole vyote, akaipuliza, akaibandika katikati kabisa. Akapolishi kipande cha boneti, shati lake likitetemeka pamoja na mashine. Akafuta kwa kitambaa. Akainama, akatazama. Tukabaki tumeshika vikombe.

Kioo: Mizunguko imerudi.

Dada Birika: Kaka, ngoja nikwambie. Gari hili linaota.

Kioo: Linaota?

Dada Birika: Limelazwa siku tatu. Gari lililozoea barabara ukililaza linaota magurudumu. Hayo unayoyaona ni ndoto zake zimepanda juu ya rangi. Halina ubaya. Liache liende zake, litaamka njiani.

Hakuna aliyemcheka. Kwa saa ile, na joto lile, mimi nilimwamini. Kioo naye nadhani alitaka sana kumwamini. Lakini akachomoa waya wa mashine, akaanza kuuzungushia mkononi, mzunguko mmoja mmoja.

Kioo: Basi, jamani. Penye nia pamekwisha.

Hata Profesa hakumsahihisha.

Ndipo mama mwenye gari akaingia, mwanamke mfupi na mkoba mkubwa, hajawahi kukaa kijiweni kwetu. Akatusalimu mmoja mmoja, akalizunguka gari lake mara moja. Akauchungulia mlango wa gari unaong'aa, akajitengeneza kilemba kwa kujiona humo.

Mama: Mbona limependeza hivi! Kwa nini hamkuniita?

Kioo: Nisamehe, mama. Bado lina mizunguko. Nimefua pedi mara tano, haitoki.

Mama: Mizunguko? Iko wapi?

Kioo: Gundi, mwonyeshe mama.

Nikasimama. Nikanyoosha kidole kwenye boneti na kidole kikabaki hewani. Mimi natunga uzi kwenye sindano bila miwani, na rangi ile ilikuwa safi mwanzo hadi mwisho. Sikuwa na pa kukishusha.

Kioo: Betri?

Betri akatazama simu za watu. Profesa akafungua kitabu.

Kioo akaja mwenyewe. Akaweka kidole juu ya rangi. — Huu hapa, akasema. Kisha akakisogeza. — Na hapa. Akakisogeza tena, mpaka kwenye kioo cha mbele, ambako hakupolishi kabisa. — Na hapa pia. Akainua kichwa, akalitazama jiko la Dada Birika, akamtazama mama, akaendelea kumtazama.

Kioo: Hata wewe, mama. Uso wako umezungukwa.

Mama akamsogelea, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga kama mtoto aliyeingiwa na kidudu jichoni.

Mama: Tangu lini unaona hivi, kaka yangu?

Kioo: Tangu pedi zilipoanza kuharibika.

Mama: Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Kila taa ina duara. Ni mtoto wa jicho, walimtoa, na leo ananisuta nikivaa nguo yenye doa. Hospitali ya macho iko njiani kwangu. Panda.

Kioo hakubisha. Akaziegesha pedi zake vizuri juu ya wavu, uso chini, mgongo juu, akaingia kiti cha mbele cha gari aliloliosha, alilolipolishi, na ambalo hakuwa amewahi kulikalia. Mkono mmoja bado ulikuwa na waya wa mashine, na mashine yenyewe mapajani. Akashusha dirisha. Nilidhani anataka kutuaga.

Kioo: Sasa ninyi, siku tatu zote hizi, mlikuwa mnaona nini?

Alikuwa anauliza kweli, bila hasira. Dada Birika akalitikisa birika, lilikuwa tupu. Gari likatoka taratibu hadi barabarani, jeusi, safi, halina hata mkwaruzo mmoja, na sisi tukabaki tumekaa.