Rudia na Kidude Chake chenye Taa Nyekundu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi na mbili jioni, mpiga gitaa wa bendi ya hoteli yetu atachomoa waya wake kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Wote tunamwita Rudia, hata watu wa mishahara, hata mkewe. Ofisi ya utumishi imenipa mimi, mpiga dramu, kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Nimeambiwa uwe wa kurasa mbili, uchangamshe, na usimkwaze mtu. Kurasa mbili nitajitahidi.

Rudia aliingia hapa akiwa gitaa la pili, kijana mwembamba mwenye suruali ya kuazima. Miezi sita baadaye gitaa la kwanza akaondoka kwa hasira zake, naye akasogezwa mbele, na hakurudi nyuma tena. Mwaka wa nne akamwoa mdogo wangu wa kike, kwa hiyo ni shemeji yangu pia, na nina haki kamili ya kumsema. Amepiga dansi la alasiri kila Jumamosi na Jumapili, arusi zisizo na idadi, na mikutano ya watu wa bima ambao hawachezi hata uwalipie. Katika miaka yote hiyo amekosa kazi siku tatu, mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Sijawahi kumwona akifika ukumbini na gitaa ambalo halijalinganishwa nyuzi. Nimewaona wengi wakifanya hivyo, tena wakijisifu.

Basi na tufike kwenye kidude.

Niseme wazi kwamba sizipendi pedali za mwangwi. Kwa wasiojua, ni kisanduku cha chuma kinachotosha kiganjani, ambacho mpiga gitaa hukikanyaga. Kinameza sauti ya gitaa, kinaikalia kwa sehemu ya sekunde, kisha kinaitema tena mara moja, mara mbili, au mara kumi. Vijana wanaiita dilei. Mtu amepiga noti tatu, wewe unasikia tisa, na zile sita hakuzitolea jasho hata tone. Halafu anafumba macho, anatikisa kichwa, ati ameguswa. Ameguswa na nini, na kazi yote imefanywa na betri?

Miaka kumi na saba iliyopita Rudia alitangaza kwamba na yeye anataka yake. Alikwenda duka la vyombo vya muziki Jumatatu tatu mfululizo, maana Jumatatu ndiyo siku yetu ya mapumziko, na mimi nikamsindikiza ili nipate wa kumcheka. Muuza duka, bwana mmoja mwenye mkufu na maneno mengi, alimletea kisanduku chenye sauti mia moja. Mwangwi wa pangoni, mwangwi wa kinyumenyume, mwangwi wa nyotani. Nikamuuliza ni nani aliyewahi kupiga gitaa nyotani akarudi na habari. Akajitia hakunisikia.

Rudia hakuhitaji mia. Alikuja na gitaa lake mwenyewe na waya wake mwenyewe, kwa sababu gitaa la dukani, alisema, linasifia kila kitu. Akapiga noti moja tu, akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka rudio la mwisho likazimika. Akachagua za kidijitali, akaziacha zile za mtindo wa zamani ambazo kila rudio linatoka na ukungu zaidi ya lililotangulia. Alitaka kitu cha kumrudishia alichopiga, si alichodhani amepiga. Halafu akakanyaga swichi akiwa na viatu vyake vya ngozi, kwani hotelini hatupigi pekupeku, na kisanduku ambacho swichi zake zimebanana kikakataliwa hapo hapo.

Jaribio la mwisho ndilo lililomchosha muuza duka. Pedali hizi ukizigonga kwa ncha ya kiatu mara nne, kwa mwendo wa wimbo, zinaushika mwendo huo, na kijitaa chekundu kinawakawaka sawasawa nao. Rudia aligonga mara nne, akachomoa umeme, akahesabu mpaka ishirini, akachomeka tena. Iliyosahau mwendo ilirudi kabatini. Iliyokumbuka ndiyo aliyoinunua. Likumbukeni hilo na nyinyi, maana ndilo lililotuponza.

Namna alivyoitumia, sina budi kukiri, haikuwa ya kipuuzi. Vitufe vya kuzungusha vilikuwa vitatu. Cha kwanza ni cha muda, yaani sauti ikae ndani kiasi gani kabla ya kutemwa. Cha pili ni idadi ya marudio, na cha tatu ni ukubwa wa mwangwi mbele ya gitaa lenyewe. Alipopata alichokitaka kwenye vile viwili vya mwisho, alitia alama kwa rangi ya kucha ya mdogo wangu, na alama hizo ziko pale mpaka leo. Marudio mawili kwa wimbo wa taratibu, matatu kama ukumbi umejaa watu na nguo zao zinameza sauti. Mwangwi usipande juu ya gitaa. Wimbo wa kasi, pedali imezimwa kabisa. Na ile pedali nyingine ya kukwaruza sauti aliiweka itangulie, ya mwangwi ifuate, kwa sababu ukigeuza unaukwaruza mwangwi wenyewe, na bendi inasikika kama karakana ya mageti.

Linganisheni hayo na waombaji watatu waliokuja kujaribiwa wiki iliyopita ili kuchukua nafasi yake. Wa kwanza alikuja na ubao wa pedali kumi na moja, akatumia dakika ishirini kuunganisha nyaya na dakika mbili kupiga. Wa pili alitia marudio mengi kiasi kwamba alipomaliza wimbo sisi tulikuwa bado tunausikiliza. Wa tatu umeme ulimkatikia kwenye kisanduku chake, akasimama tu na gitaa mkononi akituangalia, kana kwamba sisi ndio tuliolizima. Nikamwambia gitaa lina nyuzi sita, azijaribu. Hakufurahi.

Niruhusiwe kisa kimoja cha arusi. Yapata miaka kumi na miwili iliyopita, baba wa bibi arusi alisimama kutoa nasaha. Rudia alikuwa ameegemeza gitaa kwenye kiti na kwenda kunywa maji. Mimi, kwa kutaka tu kumwaibisha na mdudu wake, nilishuka nikazungusha kitufe cha marudio mpaka mwisho, nikaugusa uzi mmoja kwa kidole, nikarudi kwenye dramu zangu nikiwa nimenyooka kama mlinzi wa msikiti. Mwangwi ukaanza kujilisha wenyewe. Ukakua, ukaunguruma, ukamfunika mzee wa watu katikati ya sentensi juu ya subira katika ndoa. Rudia alikuja mbio, akaizima, akashika kifua mbele ya ukumbi mzima na kusema, "Ni mimi, mzee wangu, nisamehe." Mpaka leo hajaniuliza. Nami mpaka leo sikuwahi kusema, hivyo hili ni la kwanza la kusahihishwa katika wasifu huu.

La pili ni kubwa zaidi.

Mwaka jana alikuja meneja mpya, mama mwenye saa kubwa mkononi na macho ya kuona vumbi. Alikaa meza ya nyuma Jumapili nne, akipima wimbo wetu wa kufungulia dansi. Alipotuita ofisini alituambia kwamba wachezaji wanakaa chini kabla wimbo haujaisha, na kwamba wimbo unatumia dakika tano na sekunde ishirini. Sisi wote tulisema haiwezekani. Akafungua droo, akatoa kaseti yetu ya zamani, akaiweka kwenye mashine. Wimbo ule ule, watu wale wale, dakika nne na sekunde kumi. Jamani, tulikuwa tunapiga! Nilijisikia kwenye kaseti nikipiga kwa wepesi kama mtu mwingine, na nilichukia kumsikia.

Meneja akauliza, kwa maandishi, ni nani anayeichelewesha bendi. Mimi nilijibu siku ile ile, na maneno yangu yako kwenye faili: "Dramu hufuata taa ya pedali ya gitaa. Iulizwe pedali." Nilifurahi sana kuiandika sentensi hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na sita ya kuisubiri. Na haikuwa uongo kamili. Kutoka kitini kwangu naiona ile taa nyekundu vizuri, na kila alasiri ya dansi, kabla ya kuhesabu moja mbili tatu nne, nilikuwa naitazama inavyowakawaka na kuchukua mwendo wake. Nilijiona mtumwa wa kidude cha kiganjani, nikanung'unika nyumbani, nikanung'unika jikoni hotelini, nikanung'unika kwa yeyote aliyesimama karibu.

Rudia alipoulizwa, alijibu maneno mawili, na nyinyi mnayajua tayari tangu kwenye ile arusi. Akaomba astaafu miaka miwili kabla ya wakati wake. Ombi likakubaliwa.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa mdogo wangu kula chakula cha mchana, nikiwa na kiburi changu chote. Mwenyewe Rudia alikuwa nje anatengeneza baiskeli ya mjukuu. Nikaanza kusema yale yale ya siku zote kuhusu taa. Mdogo wangu aliweka mwiko chini, akanitazama jinsi alivyokuwa akinitazama tangu utotoni nikivunja kitu, akasema, "Kaka, hivyo hilo goti lako unadhani lilikuwa linasubiriwa na nani?"

Sasa hapa lazima nieleze, kwa sababu hata meneja wakati huo alikuwa hajui. Miaka tisa iliyopita nilianguka nikishusha ngoma kubwa kutoka kwenye gari, na goti langu la kulia halikupona. Ndilo goti la mguu unaopiga ngoma hiyo hiyo. Sikumwambia mtu. Nilifunga bandeji ndani ya suruali na nikaamini nimeficha. Kumbe aliyesimama hatua mbili mbele yangu alikuwa akigeuza kichwa kila wimbo na kuuona mguu unavyolegea kuanzia ubeti wa tatu. Hakusema. Aliigonga tu pedali yake upya, polepole kidogo, ili gitaa na mwangwi vinikute nilipo, nisionekane nimeachwa. Wimbo ukiisha, kidude kinaukumbuka ule mwendo wa uchovu, si ndiyo sababu alikichagua. Dansi linalofuata mimi natazama taa, nachukua mwendo huo, na goti linachoka tena, naye anagonga tena. Miaka tisa, sekunde moja hapa, sekunde moja pale. Mimi nikimfuata yeye, yeye akinifuata mimi, na bendi nzima ikitambaa nyuma yetu.

Na mimi, mjuzi wa kila mtu, bingwa wa kucheka wenye pedali, nilikaa nyuma ya dramu nikilaumu taa. Dharau zote nilizowapa wale waombaji watatu hazifiki nusu ya ninazostahili mwenyewe. Wao angalau walibeba vyombo vyao. Mimi nilibebwa, halafu nikaandika barua.

Nimekwenda kwa meneja nikamweleza yote, na nimemwachia maandishi mapya yenye sahihi yangu. Alisikiliza vizuri, ni mtu wa haki. Akaniambia faili limefungwa, barua ya kustaafu imeshatoka, keki imeshaagizwa. Alipompigia Rudia simu kumuuliza kama angependa kubaki, alijibu kwamba amechoka kidogo, na kwamba mpiga dramu asisumbuliwe. Hata hapo. Nilitoka ofisini nikakaa kwenye ngazi za jikoni nikalia, na mpishi mkuu ni shahidi, kwa hiyo hakuna haja ya kupita akinong'ona.

Ofisi ya utumishi ingeyafuta haya, ndiyo maana nimempelekea mpiga chapa mwenyewe kwa mkono wangu.

Mambo yaliyosalia ni machache. Rudia amewafundisha wapiga gitaa la pili wawili, na wote wana kazi. Pedali anamwachia atakayemrithi, pamoja na alama za rangi ya kucha, kwa sharti kwamba azime kwenye nyimbo za kasi. Kwa niaba ya bendi, jikoni, mapokezi na wafua nguo, tunamshukuru kwa miaka thelathini na mitatu ya kufika mapema.

Mwisho wa ratiba ya sherehe mtaona wimbo wa kufungulia. Tutafungia nao. Nimeshaitafutia ile taa kitambaa cha kuifunika. Nitahesabu mimi, kwa mdomo wangu, kwa mwendo wa kwenye kaseti, dakika nne na sekunde kumi, na goti litakavyoamka kesho yake ni shauri yake. Shemeji, ninakuomba kitu kimoja mbele ya watu wote hawa. Watazame wanaocheza, usiugeukie mguu wangu, na kiatu chako kikae mbali na swichi.

Asante kwa kutusubiri. Maisha yakawe mema kwako na kwa mdogo wangu, na asubuhi zenu ziwe ndefu. Nenda sasa kwa mwendo wako. Mimi nitakukuta.