Pumzi ya Alto Mmoja

Kijiwe chetu kiko Busia, upande wa Uganda, pembeni mwa foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya: ubao mmoja juu ya matofali, na birika la kahawa la Benedeta. Jioni ile, kama wiki nzima, nilikuja na rekodi mbili za oratorio moja, zile nyimbo ndefu za Biblia zilizotungwa Ulaya karne tatu zilizopita. Kwaya yetu itaiimba Pasaka. Waimbaji wa alto, ile sauti ya chini ya wanawake, tulikuwa wawili, mimi na Sandra, lakini Sandra amekwenda Omani kufanya kazi za nyumbani. Kuna mahali neno "furaha" linavutwa bila kukatwa, likipanda na kushuka. Nilikuwa napumua yeye akishika, kisha yeye anapumua mimi nikishika. Sasa Emoit, mwalimu wa kwaya, alitaka jibu kabla ya mazoezi: niimbe peke yangu, au sehemu yangu ipigwe na kinanda.

— Alto, weka ile ya kwanza tena, akasema Odoi, fundi simu tunayemwita Betri.

Nikaweka. Kwaya kubwa, polepole, kama wamesimama watu mia.

— Hiyo sasa ndiyo kanisa, akasema Ojulong. Tunamwita Askofu kwa sababu huongoza sala kwenye kila msiba, aalikwe asialikwe. — Mwenda pole hajikwai.

— Mwenda pole anakuta kahawa imekwisha, Betri akamjibu. Weka ya pili.

Ya pili ina vyombo vya kale, mwendo wa haraka, na kila sauti ina mwimbaji mmoja tu. Nilikuwa nimeisikiliza wiki nzima nikitafuta mahali yule mwanamke anapovuta pumzi. Sikupaona.

— Hii iko chini kidogo, akasema Betri. Simu yako inakufa chaji.

— Si chaji. Zamani nyuzi zililegezwa zaidi, ndiyo maana sauti iko chini karibu nusu toni. Lakini sikilizeni hapa. Anapumulia wapi?

— Huyo hapumui, akasema Benedeta akimimina. Mimi nasikiliza tangu Jumatatu. Huyo si mmoja. Ni mapacha.

— Mapacha gani, Mama? akasema Betri. Pumzi wanakata na kompyuta. Mimi mwenyewe nakata kelele ya kuku kwa video za harusi.

— Nyinyi hamjui Ulaya, akasema Askofu. Kule kuna baridi, hewa ni nzito. Mtu anameza pumzi moja asubuhi, anakaa nayo mpaka saa ya chakula. Haba na haba hujaza kibaba.

— Askofu, wewe Ulaya ulifika lini?

— Nilifika Eldoret mwezi wa saba. Ni ile ile.

Nilicheka. Kisha nikageuka kuona kama Sandra naye anacheka, na mahali pake ubaoni palikuwa na kofia ya Betri.

Mwishoni mwa ubao alikuwa ameketi mama mmoja, Awor, na gunia la dagaa miguuni, akingoja gari la kwenda Merikit.

— Mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza, akasema Askofu, akimsogezea kikombe kitupu.

Awor hakukiangalia.

— Binti yangu, huyo wa kwenye simu tumwache. Wewe ukiimba hapo, unapumulia wapi?

Wiki nzima tulikuwa tunapima pumzi ya mwanamke asiyetujua, na pale kijiweni hakuna aliyewahi kunisikia mimi.

Nikazima simu, nikaimba. Sauti ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, na katikati ya neno ikaniishia. Nikavuta hewa. Pengo likakaa wazi, hakuna wa kulishika. Kisha nikalimalizia neno lililobaki.

— Imekatika, akasema Betri polepole.

— Imekatika.

— Basi kumbe wewe ni mmoja kweli, akasema Benedeta.

Nikamwandikia Emoit: "Nitaimba. Katikati ya furaha patakuwa na kimya kidogo. Tafadhali, kinanda kisipajaze."