Kapteni Urbani Gama, Mtu Aliyemvusha Shangazi Bahari

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Kapteni Urbani Gama atastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na moja. Alipoajiriwa tulikuwa na ndege moja, fundi mmoja na hanga linalovuja. Leo ndege ni tatu, mafundi ni wanne, na hanga bado linavuja. Hilo la mwisho Kapteni mwenyewe ameniagiza nisiliache.

Abiria wengi wanamkumbuka kwa mizani. Hakuna aliyepanda ndege yake bila kusimama juu ya ile mizani ya kupimia mahindi iliyo mlangoni, awe daktari anayekwenda hospitali ya misheni Mbesa, awe mkulima wa tumbaku anayerudi Lusewa na jogoo wake kwenye kikapu. Hata Baba Askofu alipimwa, na viatu vyake. Lakini kilo za mtu Kapteni hakuzitaja kwa sauti. Alizihifadhi kichwani, akapanga watu kwenye viti, akafunga mlango. Mimi ambaye nimekuwa nikiongezeka mwaka hadi mwaka namshukuru kwa siri hiyo. Na katika muda wote huo hakuna abiria aliyeumia mikononi mwake, isipokuwa jogoo mmoja aliyepoteza mkia, na wote tuliokuwapo tunakubaliana kwamba kosa lilikuwa la jogoo.

Mgeni hapa kwetu hushangaa jambo jingine. Ndege ikishaondoka, mahali ilipokuwa imesimama ndani ya hanga hapafagiwi mpaka rubani atoe taarifa kwamba ametua. Utaratibu huu ni wa Mama Beata, msafishaji wetu. Kwao, msafiri akitoka hufagii nyuma yake kabla hajafika, maana ni kama unamfukuza. Wakurugenzi wawili walijaribu kumkataza. Wote wameshahama, na Mama Beata yupo.

Taarifa yenyewe ilikuwa na njia yake. Kapteni alipoanza kazi, ofisi haikuwa na simu. Simu ya mezani ilikuwa nyumbani kwake Mjimwema, hapa Songea. Akitua, alimpigia mkewe, Ester, ambaye wengi tulimwita Mama Agape kwa jina la binti yao. Mama Agape akipata habari alipanda baiskeli mpaka uwanjani kutuambia. Simu za mkononi zilipokuja, baiskeli ilipumzika lakini njia haikubadilika: Kapteni alimpigia mkewe, mkewe akanipigia mimi ofisini, nami nikamwambia Mama Beata afagie. Kapteni hakuwa mtu wa maneno mengi kwenye simu. Alisema alichotaka kusema, akakata.

Mama Agape alifariki dunia mwaka juzi. Tulimzika, tukarudi kazini, na Kapteni akaanza kupiga simu ofisini moja kwa moja. Alizoea, au sisi tulidhani amezoea. Agape anafanya kazi Mwanza, na nyumba ile ya Mjimwema ikabaki na mtu mmoja. Jioni nyingi alikaa hangani bila kazi yoyote mpaka mlinzi alipofunga lango. Simu ya marehemu mkewe hakuizima. Kila siku aliichaji, akairudisha juu ya kabati.

Hapo ndipo habari ya Shangazi ilipoingia. Shangazi ni ndege ya zamani ya jeshi, ya injini moja, iliyobeba askari na magunia kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kampuni iliinunua kwenye mnada, ikabeba mizigo miaka mingi, kisha ikaegeshwa kwa sababu petroli yake ilikuwa adimu. Tuliiita Shangazi kwa kuwa ilikuwa na kelele, na kila ilipokuja ilidai kitu. Mwaka jana makumbusho moja ya ndege za kivita huko Mauritius ikaitaka. Kuisafirisha kwa meli kungelazimu ikatwe mabawa. Kapteni akasema hakatwi mtu hapa, ataivusha mwenyewe.

Safari hiyo ni ya rubani mmoja tu. Kiti cha kulia kiling'olewa ili tangi la ziada la mafuta lipate nafasi. Fundi Thadeo, aliyeihangaikia injini ile miezi mitatu, alikuwa wa kwanza kusema tulichokuwa tukikiogopa. Aliniambia akiwa anafuta mikono, "Zena, ndege itafika. Mimi namwogopea yeye. Huyu mtu anaenda kama asiye na wa kumrudia." Mtu aliyefiwa humnyimi kazi anayoiomba, lakini bahari nayo si ya kuiendea kwa moyo uliokata tamaa.

Aliondoka asubuhi mwezi wa Agosti. Alitua Mtwara kujaza mafuta, akatupigia, kisha akaelekea Moroni juu ya maji matupu. Muda wa kutua ukafika, ukapita. Niliita uwanja wa Moroni, laini ikawa inakatika. Hakuna aliyekwenda kula. Mama Beata aliegemeza ufagio ukutani, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akitazama mahali pale pachafu penye doa la oili alipokuwa akisimama Shangazi.

Alasiri bodaboda ikaingia kwa kasi. Aliyeshuka alikuwa Leticia, dada yake marehemu, aliyeachiwa funguo za nyumba, na mkononi alikuwa na simu ya Mama Agape. Alisema alikuwa akimwagilia mboga, akasikia simu ile juu ya kabati inaita, akaipokea na kusema haloo. Sauti ya Kapteni ikasema, "Mama Agape, nimetua. Mwambie Zena wafagie." Kisha ikakatika, kama kawaida yake.

Nimefanya kazi na simu nusu ya umri wangu, na sijapata kusikia ujumbe uliotuumiza na kutufurahisha kwa pamoja namna ile. Alikuwa hai, alhamdulillahi. Na alikuwa amemwambia mtu ambaye hayupo. Thadeo alitoka nje akajifanya anatafuta spana.

Kabla sijaamua la kufanya, simu ya ofisini ikaita. Alikuwa Kapteni, na sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema masikio yake yalikuwa bado yamejaa mlio wa injini, vidole vikapiga namba vinayoijua, na aliposikia haloo ya mwanamke akaridhika. Alikuwa ameshafika kwenye kivuli cha jengo ndipo akakumbuka. Akasema, "Zena, nisamehe. Nimekosea namba."

Nikamwambia, "Hujakosea, Kapteni. Taarifa imefika. Mama Beata ameshashika ufagio."

Sikumwona, lakini nilimsikia akilia. Tangu msibani hatukuwa tumemsikia akilia, na nadhani naye hakuwa amejisikia.

Sehemu iliyobaki ndiyo ndefu zaidi. Kutoka Madagaska kwenda Mauritius, anasimulia, mvua ilimfunika, oili ikarashia kioo, na kwa masaa mengi hapakuwa na sauti ya binadamu ila yake mwenyewe akisali rozari. Alitazama kulia akaona tangi. Anasema alikuwa mpweke kuliko alivyowahi kuwa, hata kuliko Mjimwema, lakini alijua kuna mwanamke Songea amekaa juu ya ndoo kwa ajili yake, na ingekuwa aibu kumchelewesha. Shangazi akatua na mabawa yake yote. Kapteni alirudi nyumbani akiwa abiria, kiti cha dirishani, akilalamikia namna rubani alivyotua.

Sasa anahamia Lusewa, kwenye nyumba ya wazazi wake, kulima mahindi. Tumbaku ameikataa. Tunajua nyumba hiyo nayo itakuwa na mtu mmoja, na hatutajidanganya kwamba hilo halitusumbui.

Kapteni, shikamoo, na asante kwa kila abiria uliyemrudisha kwao. Mungu akupe mvua za wakati, mgongo usiouma na majirani wasumbufu watakaokuja bila kualikwa. Meza yako tumeiondoa jana kama ulivyotaka. Chini yake kuna vumbi la miaka yako yote, na Mama Beata ameweka ufagio kando. Ukishashusha mizigo Lusewa, piga simu. Namba ya ofisi unayo, na ile nyingine Leticia anaichaji. Yoyote utakayopiga, itapokewa.