Luciana Mwanakulya na Baridi ya Mpui

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji mliotoka Izia, Milanzi na kwingineko, familia inawaomba mtuvumilie kidogo, maana historia hii ni ya dada yetu lakini ndani yake mna jambo linalogusa mashamba yenu, na mvua imekaribia.

Marehemu Luciana Kasimiri Mwanakulya alizaliwa hapa Mpui tarehe 14 Machi 1979, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Kasimiri na Mama Justa, akabatizwa mwaka huohuo, na mama anasema alikuwa mtoto wa maswali, ukimtuma kuni anarudi na mdudu kiganjani akitaka aambiwe anakula nini. Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, sekondari mjini Sumbawanga kuanzia 1994 hadi 1997, kisha akaenda chuo cha kilimo, akahitimu stashahada mwaka 2001.

Aliajiriwa kuwa afisa ugani tarehe 1 Julai 2003, akapewa pikipiki na kata tatu za kuzunguka, na wale waliosema mwanamke hataweza matope ya Januari mpo hapa na mnajijua. Tarehe 17 Juni 2006 alifunga ndoa takatifu na Bwana Cornelius, fundi seremala wa Izia, wakajaliwa watoto watatu, Jenifer, Shedrack na Kalista.

Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi viliingia mkoani kwetu, na wengi tunakumbuka tulivyosimama shambani tukitazama mahindi yaliyoliwa mpaka kwenye moyo wa mche, tusijue hata jina la mdudu. Luciana alirudi masomoni mwaka 2018, akasoma namna ya kutumia takwimu za hali ya hewa na kuchora ramani, na aliporudi mwaka 2019 alianza kuweka pamoja mvua, joto, baridi ya alfajiri na hesabu ya nondo, wale wanaotaga mayai ya viwavi, walionaswa kwenye mitego, kompyuta ikamwonyesha wapi wadudu watawahi kufika, nyekundu ni hatari, njano ni tahadhari, kijani ni salama. Mwaka 2021 aliwaambia watu wa bondeni wakague mashamba wiki mbili kabla ya viwavi kufika, wakakagua, wakavuna, na tangu hapo wakamwita Mama Ramani.

Ramani hiyo ilitegemea watu wa kujitolea, mmoja kila kijiji, wa kusoma kipimajoto kila siku saa kumi na mbili asubuhi na kuandika kwenye daftari. Hapa Mpui aliyepewa kazi hiyo ni mdogo wake, Nestory. Luciana alimweleza vizuri kwamba mdudu huyu hapendi baridi, baridi ya Juni na Julai ikishuka sana hupungua, isiposhuka hubaki kwenye mahindi ya bondeni, yale tunayolima kiangazi, akisubiri mvua.

Mwaka 2023 Nestory alisoma siku nne za kwanza za Juni, kisha akaona ni kazi ya bure, maana ni Mfipa gani asiyejua baridi ya Juni, akajifunika blanketi lake na kuandika nyuzi tano, kesho tano, keshokutwa nne, mpaka Julai ikaisha. Hakukusudia ubaya. Aliandika baridi aliyoizoea tangu utotoni, wala hakwenda kuangalia kama mwaka ule ilikuja.

Kwa namba hizo Mpui ikatoka kijani. Luciana akasimama kwenye mkutano wa kijiji Oktoba ile akasema pandeni bila hofu, watu wakapanda, na Januari 2024 mashamba yakaliwa, Mama Marsiana jirani yetu hakupata hata gunia moja. Mkutano wa Februari mnaukumbuka. Luciana aliitwa mwongo mbele ya watoto wake, akaomba radhi, akasema kosa ni lake, na Nestory alikuwa amekaa benchi la nyuma, akatazama viatu vyake, hakufungua mdomo.

Mwezi wa Mei mwaka huu Luciana aligundulika kuwa na saratani ya ini, akaja kupumzika kwa mama hapa Mpui, na alfajiri ya kwanza ya Juni akaomba daftari. Alifungua kurasa za mwaka jana, wino mmoja, mwandiko mmoja, tano, tano, nne, akamwambia mdogo wake, kesho tutasoma wote. Walisoma wote siku sitini, mpaka Julai ikaisha, yeye amejifunga khanga tumboni kwa maumivu, na habari ya namba zile hakumwambia mtu yeyote, hata mumewe. Kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi tisa hata siku moja. Tarehe 28 Oktoba, akiwa hospitalini, alimaliza ramani ya msimu huu, na Mpui yote ni nyekundu. Alifariki dunia Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024, saa nane mchana, baada ya kumwagiza Bwana Cornelius kwamba historia yake isomwe na Nestory, na si mtu mwingine.

Ndugu zangu, Nestory huyo ndiye huyu anayewasomea, na anaogopa. Anaogopa macho yenu, lakini zaidi anaogopa kwamba mtasema ramani ilitudanganya mwaka jana, na mtaiacha hii ya kweli kwa sababu ya ile aliyoiharibu yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliochota maji na kupika, maafisa ugani wenzake, jumuiya ndogondogo na kwaya. Marehemu aliacha agizo kwamba mahindi yote ya bondeni yang'olewe kabla ya mvua ya kwanza, walishwe ng'ombe, na kila mtu apande wiki moja na mwenzake, kisha akague majani mara mbili kwa wiki. Leo asubuhi, kabla ya kuja kaburini, Nestory aling'oa yake yote, robo tatu ya ekari, na katika kila miche kumi alikuta saba ina kiwavi.

Dada Luciana, pumzika kwa amani, hukukosea. Nilikosea mimi.