Gunia la Maranda

Assalamu alaykum, kina mama wa chama chetu. Nimesimama kuwasimulia yaliyonipata, mnivumilie.

Mwajua nilivyoanza. Mume wangu alipofariki, nikawa napita kwa mafundi wa milango kuokota maranda na unga wa mbao. Nayakaanga ndani ya pipa lililofunikwa hadi yawe rangi ya kahawa, yasifike kuwa makaa. Kisha nayachanganya na uji wa muhogo, nayakamua kwa mashine ya mkono, zatoka tembe za kupikia badala ya makaa. Mlinicheka, mkisema nimeanza kupika mbao. Msijifanye mmesahau!

Sasa, dada zangu, huku kwetu kitu kikitoka motoni twakifunika upesi, kisiingie umande wa bahari. Nami nikafanya vivyo hivyo. Maranda yalikuwa yamepoa kwa juu, nikayashindilia guniani, nikafunga, nikaliweka gunia jikoni chini ya makuti. Sikujua kwamba katikati moto ungali hai.

Nilikuwa kisimani niliposikia mayowe. Makuti yalikuwa yanawaka, na mamangu, asiyeweza kutembea, yumo ndani. Nilimtoa nimembeba mgongoni. Nyumba ikateketea, na jiko la jirani yangu nalo likateketea. Wallahi, asubuhi yake nilikaa juu ya majivu nikamwomba Mola anichukue. Mama alikuwa kalazwa nyumba ya watu, akikohoa, nami sina hata pa kumpikia uji.

Mara nikamwona yule jirani anakuja. Nikainamisha kichwa, nikangoja matusi. Akaokota tembe zilizosalimika, akawasha baina ya mawe, akateleka chai. Akautazama moto kitambo.

“Mbona moshi hauniwashi mato, wala sitoki machozi?” akasema. “Bi, utazifanya tena hizi. Lakini mbali na makuti. Jana nilikuona ukifunga upesi. Usifunge gunia mpaka utie mkono katikati.”

Nililia, jamani, huku nainywa ile chai.

Kisha mkaja nyinyi na makuti mapya, mkasimama mpaka nyumba ikaezekwa, na sikuwaita. Allah awalipe. Siku hizi maranda yakitoka pipani nayaanika mchangani, nageuza, nangoja. Ndugu zangu, nawaambia: lililotoka motoni msiliamini kwa ubaridi wa juu.

Wala sijapona kabisa, nisiwadanganye. Mamangu akisikia harufu ya maranda huniita kutoka kitandani, “Umetia mkono?”

Namjibu, “Nimetia, mama.” Kisha narudi kwenye gunia, nautia tena.