Cleopas Rugemalira Aliyefunga Lango

Marehemu Cleopas Rugemalira alizaliwa Kamachumu, Bukoba, tarehe 14 Machi 1909, katika ukoo wa watu wanaokalia kigoda na kuletewa. Ukihesabu kwenda juu, babu yake wa saba ni Jemadari Rugemalira, aliyeongoza mikuki ya mfalme kabla Wazungu hawajafika. Siku adui alipowakimbiza hadi uani kwa mfalme, jemadari alifunga lango, mwanawe mwenyewe akiwa bado nje. Mfalme akamzawadia vijiji. Hadithi hiyo marehemu aliinyonya pamoja na maziwa, na hakuachishwa mpaka kufa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Dada yake Edah, anayesoma maneno haya, alitolewa darasa la nne amchukulie mkoba, maana mtoto wa kiume wa ukoo ule habebi kitu.

Mwaka 1940 aliingia jeshini, akafika Burma, akarudi na cheo cha sajini na sauti ya kuamrisha ambayo hakuivua pamoja na sare. Mwaka 1968 alimfuata mwanawe Kahigi hapa Birmingham, akapata kazi ya ubawabu katika kiwanda kimoja cha Erdington. Waliodhani ataona haya hawakumjua. King'ora kikinyamaza, lango limefungwa. Asubuhi moja alimfungia nje mfanyakazi aliyechelewa, Tarsem, Singasinga wa Kisumu, kwenye theluji ya magotini. Tarsem akamwuliza kupitia vyuma, "Mzee, jemadari wenu alilinda mfalme. Wewe unalinda nati na bolti?"

"Nalinda lango," akajibu marehemu. "Cha ndani hakinihusu."

Kiwanda kizima kilicheka, na Tarsem akarudi nyumbani soksi zimelowa. Yuko nasi leo. Amewahi.

Marehemu alifunga ndoa mwaka 1936 na Kokushubira, mwanamke wa kunong'ona, aliyetangulia mwaka 1958. Walijaliwa Kahigi na Roselyne. Roselyne alikuja huku mwaka 1969 kusomea uuguzi, na Novemba 1971 akaolewa na Bethuel, kondakta wa basi. Kosa la Bethuel ni babu yake, aliyelima migomba kwenye ardhi ya kina Rugemalira na kuwapelekea mikungu kila mavuno.

Kwetu mgeni hupewa buni zilizochemshwa zikakaushwa, atafune. Anayepokea amekukubali, anayekataa amekufuta. Jumapili moja ya Desemba hiyo, Roselyne alileta kikapu cha buni nyumbani kwa Kahigi, Great Barr, alikokaa baba yake pamoja na Edah. Edah alikuwa dirishani. "Tata, ni mimi," binti aliita kutoka nje. Marehemu alikuwa ameshika kitasa kwa ndani.

"Lango limefungwa," akasema. "Aliye nje alijua."

"Cleopas," dada yake akamwambia, "hapo mlangoni huna adui, una mtoto."

Akamwambia anyamaze. Binti aliweka kikapu kizingitini, akaondoka. Asubuhi marehemu alizifagia buni pamoja na theluji, kisha akanywa chai yake.

Tarehe 3 Novemba 1976 kiharusi kilimchukua upande wa kuume, kikamchukua na ulimi. Katika wodi aliyolazwa, muuguzi aliyejua kumgeuza asiumie alikuwa Roselyne. Alimwosha, akamlisha uji. Naye akafumba jicho moja lililokuwa bado linamtii. Tarehe 8 Februari 1977 binti alimwekea punje moja ya buni mdomoni. Mzee aliyeshindwa hata kumeza mate alipata nguvu ya kuitema. Alifariki kesho yake, saa nne asubuhi, mikononi mwa huyo huyo, akibadilishiwa shuka.

Kabla ya kuugua aliagiza kwamba jina la Roselyne lisisomwe kaburini kwake. Kahigi alimsihi shangazi yake aiheshimu amri hiyo. Shangazi alisikia. Lakini jemadari akishalazwa chini, funguo huchukuliwa na aliye hai.

Marehemu ameacha binti yake Roselyne; mkwewe Bethuel; mjukuu wake wa pekee, mtoto wa hao wawili, aitwaye Rugemalira; mwanawe Kahigi; na dada yake Edah, ambaye leo habebi mkoba wa mtu.

Roselyne, mwanangu, kikapu kile pale. Pita, uwagawie watu buni kama binti wa nyumba hii, uanze na Tarsem. Asiyetaka buni ya mkono huo, lango la makaburi liko wazi.

Apumzike kwa amani, akiweza.